Ufunguo wa Stoo

Kibarua akianguka kutoka kwenye mirunda ya ghorofa linalojengwa, neno la kufungia jalada huwa tayari: uzembe. Wa marehemu, bila shaka, kwa kuwa yeye hawezi kujibu. Toleo hili lina ugomvi na neno hilo.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilizima. Zamu ya usiku ikaigeukia ya pili. Karatasi waliyoiona ilionyesha kwamba matengenezo yake makubwa hayajaanza, basi wakaiwasha. Karatasi nyingine, iliyosema vali ya usalama ya pampu hiyohiyo imeondolewa na tundu limezibwa kwa bamba tu, haikuwa pamoja na ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka. Watu 167 walikufa.

Mzembe ni yupi hapo? Kuta zilijengwa kuhimili moto, si mlipuko, maana jukwaa lilibuniwa kwa mafuta, shughuli za gesi zikaongezwa baadaye. Pampu za kuzimia moto zilikuwa zimeachwa zisubiri kuwashwa kwa mkono ili wapiga mbizi wasije wakavutwa na maji (uamuzi wa huruma, tukiutazama peke yake). Majukwaa jirani nayo yakaendelea kusukuma mafuta na gesi. Jaji Cullen alipomaliza uchunguzi mwaka 1990 alitoa mapendekezo 106, yakigusa karatasi, zamu, ukaguzi na uongozi. Angeweza kuandika neno moja akaenda zake.

Wazembe wapo, sikatai. Nimemwona fundi akichomelea geti kavaa miwani ya jua. Nilipomkaripia akanionyesha wenzake wawili: kinyago ni kimoja, na zamu yake ilikuwa bado.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, nayo inambebesha mwajiri wajibu kabla ya ajali, si rambirambi baada yake. Kwa hiyo waandishi wetu hatukuwakataza kuandika "uzembe." Tuliwaomba kwanza watueleze mkandarasi alipewa siku ngapi, kibarua alilipwa kwa siku au kwa kipande, na kama mikanda ya usalama ilikuwa stoo, ufunguo alikuwa nao nani.