AFYA NYUMBANI: Karkade, Chai Nyekundu Isiyotiwa Maziwa

Katika mji wa Wajir, mtu akikaribishwa nyumbani hupewa chai. Chai hiyo hupikwa kwa maziwa ya ngamia, ikatiwa iliki na mdalasini, na sukari hutiwa kwa mkono mkarimu. Ni chai nzuri, na heshima yake kwa mgeni ni kubwa. Lakini mtu anywaye vikombe sita au saba kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, amekwisha kumeza vijiko kama ishirini vya sukari kabla hajala tende hata moja. Tena maradhi ya kisukari na ya damu kupanda, ambayo wengi huyaita presha, si maradhi ya matajiri wa Nairobi peke yao. Uchunguzi uliofanywa na Serikali ya Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na damu iliyopanda, na watu wengi walikuwa hawajapimwa hata mara moja.

Kwa sababu hiyo yafaa kukifahamu kinywaji ambacho jirani zetu wa Sudan na Misri wamekinywa tangu zamani, nacho ni karkade. Huko hunywewa moto au baridi, na katika arusi wageni hupewa. Sudan ya magharibi, katika mchanga wa Kordofan na Darfur, hulima mmea huu kwa mvua tu na kuuza mavuno yake nchi za ng'ambo. Watanzania wengi huuita rozela au choya.

Watu husema kwamba ni chai ya maua, lakini kwa kweli si ua linalonywewa. Ua likisha kunyauka na kuanguka, vile vijani vizito vyekundu vilivyolishika hubaki vikililinda tunda, navyo hunenepa. Hivyo ndivyo vichumwavyo, majuma kama matatu baada ya ua kufunguka. Tunda lenye mbegu hutolewa, na vijani huanikwa juu ya mkeka safi mahali penye kivuli na upepo mpaka vikauke kabisa. Kilo kumi za mbichi hutoa kilo moja tu ya kavu. Wala mtu asidhani kwamba ua jekundu la ua wa bustani, lile lipandwalo mbele ya ofisi na shule, ndilo hilo. Hayo ni ndugu, lakini si mmoja.

Je, ina faida gani? Husemwa mengi, na mengine ni ya wachuuzi. Wapo wasemao kwamba huponya ini, figo, na hata saratani; hayo hayajathibitishwa. Jambo lililopimwa vizuri zaidi ni la damu. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitangaza habari za watu 65 ambao damu yao ilikuwa imepanda kidogo, nao hawakuwa wakitumia dawa. Baadhi yao walikunywa vikombe vitatu vya karkade kila siku kwa muda wa majuma sita. Wengine walipewa kinywaji kilichofanana nayo kwa rangi na ladha tu. Kwa waliokunywa karkade, ile namba ya juu ya kipimo cha damu ilishuka kwa 7.2, na kwa wale wengine kwa 1.3. Ni faida ya kweli, ila si kubwa ya kumfanya mgonjwa atupe vidonge vyake. Mwenye kutumia dawa za presha na amwulize daktari kwanza, kwani viwili vikikutana damu yaweza kushuka kupita kiasi. Wanawake wenye mimba ni heri waiache.

Kwamba kinywaji chaweza kugombana na dawa si hadithi. Mwaka 1994 wataalamu wa Sudan waliona kwamba klorokwini ikinywewa pamoja na karkade, dawa iliyoingia mwilini ilipungua. Basi vidonge vyote na vinywewe kwa maji matupu.

Sasa upishi, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Karkade ni kali kama ndimu, na ukali huo hula madini ya alumini. Sufuria nyingi za nyumba zetu ni za alumini. Afadhali maji yachemshwe ndani ya sufuria, kisha yamiminwe juu ya karkade iliyomo katika jagi la kioo, birika la enameli au chupa ya chai yenye kioo ndani. Kijiko kimoja kwa kikombe chatosha; dakika sita hata kumi, kisha ichujwe. Maziwa yasitiwe kabisa, yawe ya ng'ombe au ya ngamia, kwa maana yatakatika. Mwenye kuijaza sukari ili kuuvunja ukali huo ameurudia ugonjwa ule ule aliotaka kuukimbia. Tangawizi au iliki husaidia zaidi. Baada ya kunywa, mtu asukutue kwa maji, kwa kuwa ukali hudhuru meno.

Wasudani wengine huiloweka katika maji baridi usiku kucha. Desturi hiyo haifai Wajir ikiwa maji hayakuchemshwa. Visima vya mji ule si virefu, na kwa miaka mingi vyoo vya ndoo vilikuwa karibu navyo. Kipindupindu kimeingia huko zaidi ya mara moja. Maji yachemshwe kwanza, yaachwe yapoe, ndipo karkade ilowekwe. Tena maji ya visima vingi yana chumvi, nayo chumvi ndiyo huipandisha damu, kwa hiyo mwenye tangi la maji ya mvua na ayaweke ya kunywa.

Kuhusu kulima, mkulima wa Wajir asijidanganye. Mmea huu huhitaji miezi minne au mitano ya unyevu, na mvua za Gu na za Deyr hazidumu hivyo. Miaka mingine hazionekani kabisa. Lakini wenye mashamba ya kumwagilia kando ya Mto Tana, huko Garissa, ambao wamezoea migomba na miembe, waweza kuujaribu kwa mistari michache pembezoni mwa shamba. Joto haliudhuru. Maji yakituama mizizi huoza, basi upandwe penye udongo wa kichanga. Vijani vichanga vya majani huliwa kama mboga, na mbegu zitunzwe mahali pakavu kwa msimu ujao.