Huduma ya Nyumbani Si ya Bure

Kumtenga mgonjwa wa Korona nyumbani, utaratibu ambao Wizara ya Afya ya Kenya iliutolea mwongozo Juni 2020, kulisifiwa magazetini kuwa nafuu: familia ipo, gharama haipo. Hoja hiyo ilihesabu vitanda vya hospitali tu.

Mwongozo ulitaka mgonjwa asiye na dalili kali, chumba chake peke yake chenye hewa, na mtu mmoja wa kumhudumia. Itumbe, kwenye majani chai ya Kisii, mtu huyo kwa kawaida alikuwa mke, binti au mkaza mwana, naye ndiye aliyekuwa mchumaji. Kiwanda hulipa kwa kilo na hutaka majani mawili na chipukizi. Wiki mbili kando ya mgonjwa zilikuwa wiki mbili bila kilo, huku majani yakikomaa na kuharibika. Barakoa, sabuni na maji ya kuteka vilikuwa juu yake pia. Mhudumu wa afya wa kujitolea alipita, akauliza, akaenda zake. (Chumba cha peke yake, katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto watano, kilikuwa cha nani?)

Serikali haikuifuta gharama. Iliihamishia kwa mwanamke asiyelipwa.