Kuzima kwa rimoti si kuzima umeme

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Methali hii tumewakaririsha wanafunzi hadi wameichoka. Hata hivyo, tunapoingia madukani mjini Meru au Embu kununua runinga na vipaza sauti vyake, iwe ni kwa ajili ya shule au sebule zetu, sisi walimu ndio wa kwanza kuisahau.

Niliyashuhudia haya katika shule moja ya upili upande wa Meru. Wazazi walikuwa wamechanga fedha, zikanunuliwa runinga pana, amplifaya na vipaza sauti ili watahiniwa watazame michezo ya kuigiza iliyorekodiwa. Jioni moja ya mvua kipindi kilikatizwa, kiranja akabonyeza rimoti, wote wakaenda kulala. Usiku umeme ulipotea, ukarudi kwa kishindo kabla ya mapambazuko. Asubuhi tulilakiwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Runinga na amplifaya zilikuwa zimekufa, ilhali ile ekstensheni iliyouzwa kama kinga ilikuwa ingali inawasha kitaa chake chekundu. "Lakini mwalimu, tulizima," kiranja alisema, na machozi yalikuwa karibu. Watahiniwa wale hawakupata kuumaliza mchezo ule.

Kijana yule hakuwa na kosa. Hakuna aliyemfundisha kwamba rimoti huilaza runinga tu, wala haiikati na umeme. Chombo hubaki kimeunganishwa na waya wa nje kikisubiri kuamshwa, na chochote kipitacho katika waya huo hukifikia. Kuzima kwa hakika ni kuzima swichi ya ukutani na kuchomoa plagi.

Yamkini msomaji atashangaa kuwa wakazi wa Embu, walio jirani na mabwawa ya Mto Tana yanayozalisha umeme wa taifa, nao wanahitaji kujikinga. Lakini ukaribu huo si kinga. Mnamo tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na takriban nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Ikiwa tumbili aweza kuizima nchi, sembuse tawi la mti katika msimu wa mvua, kwenye miteremko ya Mlima Kenya?

Maadui wa vyombo vyetu ni wa aina mbalimbali, na kila mmoja ana dawa yake. Wa kwanza ni msukumo wa ghafla, unaodumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Huu huzuiwa na ekstensheni yenye kinga halisi ndani yake, ambayo hutambulika kwa kipimo cha jouli kilichoandikwa juu yake. Ile yenye swichi na kitaa tu ni waya mrefu, basi. Hata kinga ya kweli huchakaa kwa kila pigo inalolipokea, kwani chovya chovya humaliza buyu la asali. Sharti ibadilishwe.

Adui wa pili ni umeme uliopanda au kushuka kwa muda mrefu. Volti zinazostahili ni 240. Waya wa nyutro ukikatika, zaweza kupita 300. Na mbali na transfoma, hasa jioni, hushuka mno. Hapa ekstensheni haifui dafu. Kinachotakiwa ni kile kifaa ambacho wengi hukiita tivi gadi. Hukata umeme unapotoka nje ya kiwango, na unaporudi hungoja kidogo hadi utulie. Kwa maoni yangu, kama fedha zinatosha kifaa kimoja tu, kiwe hiki. Panapo umeme hafifu kila siku, stabilaiza huuinua. Yupiesi yenye betri nayo huipa kompyuta dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzimwa kwa utaratibu.

Adui wa tatu ni radi, na hapa nasema bila kificho: hakuna kifaa cha dukani kitakachoizuia ikipiga karibu. Chomoa plagi mapema, na usisahau waya wa antena, maana radi huupenda mlango huo pia.

Kuhusu rimoti yenyewe, moja iwezayo kuongoza runinga, dekoda na amplifaya hupunguza usumbufu. Nenda dukani na ile ya zamani, ijaribiwe mbele yako. Shule zinapofungwa toa betri, zisije zikavuja na kuila. Isitoshe, mwalimu wa fizikia ana somo la bure hapa: elekeza rimoti kwenye kamera ya simu, ubonyeze, na mara nyingi wanafunzi wataona mwanga ambao macho yao hayauoni.

Nawasihi walimu wakuu na kamati za wazazi: bajeti ya runinga isipitishwe kabla ya kutaja kinga yake, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya chombo. Nanyi wanafunzi, teueni zamu ya kuchomoa plagi kama mlivyo na zamu ya kufuta ubao. Mkono ule mdogo ungaliiokoa jasho la wazazi wale.