MASHAURI YA KAZI: Macho ya Fundi Mbele ya Tanuu

Juma hili nimepokea barua ya kijana mmoja wa bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay, naye ameuliza jambo linalowahusu watu wengi kuliko anavyodhani. Anaeleza kwamba alikaa miezi michache karibu na Nairobi akijifunza kazi ya kuyeyusha vioo vilivyovunjika na kuvifanya sahani, shanga na mapambo ya madirisha. Sasa amerudi kwao, na kwa matofali aliyopewa na baba yake mdogo amejenga tanuu dogo la makaa, apate kuzitumia chupa zinazotupwa ovyo sokoni na kando ya barabara.

Baba mdogo huyo amechoma matofali kwa miaka zaidi ya 20. Jicho lake la kulia limeingia ukungu, hata hawezi kumtambua mtu aliye upande wa pili wa uwanja mpaka asikie sauti yake. Kijana anauliza maswali mawili. Je, ni moto ulioliharibu jicho la mzee? Na je, miwani nyeusi aliyoinunua sokoni yatosha kumkinga yeye? Anaongeza kwamba fedha kidogo alizobaki nazo alikusudia kununua chuma cha mlango wa tanuu.

Nitalijibu la pili kwanza, maana huenda wakati huu tanuu lake linawaka. Miwani hiyo haitoshi, na sababu yake ni hii. Moto mkali hutoa vitu viwili: mwanga tunaouona, na miali ya joto tusiyoiona. Mtu yeyote aweza kuhakikisha jambo hili. Simama hatua chache mbele ya mlango wa tanuu, kisha ufumbe macho. Mwanga utatoweka, lakini uso wako utaendelea kusikia joto vilevile. Miwani ya jua imetengenezwa ili ipunguze mwanga wa jua. Weusi wake hauonyeshi kama yaweza kuzuia miali ya joto. Tena kuna hatari nyingine. Jicho likiwa nyuma ya kioo cheusi, mboni hupanuka kutafuta mwanga, na kama kioo hicho hakizuii joto, basi mlango umefunguliwa wazi zaidi kwa adui yule yule.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi iliyo safi kama maji. Lenzi hiyo haina mishipa ya damu ya kuipoza kama ngozi yetu ipozwavyo. Ikipata joto mara kwa mara kwa miaka mingi, hugeuka polepole na kupoteza usafi wake, mfano wa ute wa yai unavyogeuka mweupe juu ya moto. Ugonjwa huo ndio tuuitao mtoto wa jicho. Ubaya wake ni kwamba hauumi, kwa hiyo fundi hurudi nyumbani kila jioni akidhani yu salama. Watu wa Lambwe hawahitaji kufundishwa habari za hatari ya namna hii. Wazee wanakumbuka jinsi mtu alivyoumwa na mbung'o machungani, akasahau siku ile ile, na malale yakaja baadaye.

Jambo hili si geni duniani. Mnamo mwaka 1700 tabibu mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, na humo aliwataja mafundi wa vioo ambao macho yao yalidhurika kwa kuukabili moto. Miaka mia mbili baadaye, huko Uingereza, mtoto wa jicho ulikuwa umewapata wafanyakazi wengi wa viwanda vya vioo hata ikabidi wataalamu waitwe kulitazama jambo hilo. Mmoja wao, William Crookes, alijaribu michanganyiko mingi sana ya vioo, na mwaka 1913 akaeleza namna ya kutengeneza kioo cha miwani kinachozuia miali ya joto huku kikimwachia fundi nafasi ya kuona kazi yake. Basi dawa ya jambo hili ilijulikana zamani; linalobaki ni kuitumia.

Sasa nirudi kwa mzee. Hapana mtu awezaye kuapa kwamba ni moto peke yake. Mtoto wa jicho huwapata wazee wengi kwa sababu ya umri tu, na pia huletwa na kisukari, na jua kali, na kuumia jicho. Walakini mtu aliyechungulia matundu ya tanuu la matofali kwa miaka 20 bila kinga ameliongezea jicho lake mzigo. La maana zaidi ni hili: asikae nyumbani akingoja, wala asitiwe dawa za majani. Ukungu wa jicho una sababu nyingi, na mojawapo ni presha ya macho, ambayo huharibu kuona kusirudi tena. Akapimwe na mtaalamu wa macho hospitalini. Akionekana ana mtoto wa jicho, ajue kwamba hakuna dawa ya matone inayouondoa, bali daktari aweza kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya kutengenezwa, na wengi huona tena vizuri.

Kwa kijana wetu, ushauri wangu ni kwamba mlango wa chuma ungoje na miwani itangulie. Tena anahitaji miwani ya namna mbili, maana kazi yake ina hatari mbili.

Ya kwanza ni ya kukatia na kuvunjia chupa. Hii ni miwani safi ya plastiki ngumu, yenye kinga za pembeni, ili kipande kirukacho kisiingie kwa ubavu. Miwani ya kawaida ya kusomea haiwezi kazi hii.

Ya pili ni ya kutazamia ndani ya tanuu. Atafute miwani ya mafundi yenye alama ya kuonyesha kwamba inazuia miali ya joto. Kioo cha kulehemia kwa gesi, namba 3 hadi 5, hufaa, nacho hupatikana kwa wauzao vifaa vya mafundi mijini. Asichukue kile cha kulehemia kwa umeme, ambacho aghalabu ni namba 10 na kuendelea, kwa kuwa ni cheusi mno. Hataona kazi yake, na aweza kujikwaa akaangukia moto. Kadhalika asidanganywe na miwani yenye rangi ya zambarau ambayo mafundi wa shanga huipenda. Hiyo huondoa mng'ao wa manjano wa kioo kwenye moto, lakini peke yake haizuii joto vya kutosha.

Hata mwenye miwani bora hapana budi awe na desturi njema. Tanuu la kuunganisha vioo hufika joto la nyuzi 700 mpaka 800, na hilo si jambo la kuchungulia kila dakika. Atazame kwa muda mfupi, kisha ageuze uso. Afunguapo, asimame kando, asiuelekeze uso wake mlangoni. Avae nguo za pamba zenye mikono mirefu na viatu vya ngozi. Nailoni huyeyuka ikagandamana na mwili. Matofali na kalibu ziwe zimekauka kabisa, maana maji yaliyofichwa ndani hugeuka mvuke na kupasua. Asichanganye kioo cha chupa na cha dirisha katika sahani moja, kwa sababu havinywei sawasawa vinapopoa, na chombo chaweza kupasuka baadaye. Tanuu lipoe polepole, wala maji yasimwagwe juu ya kioo chenye moto. Na kwa kuwa ni la makaa, likae mahali penye hewa, kamwe lisiwe ndani ya nyumba.

Ikiwa vumbi au chembe imeingia jichoni, asilisugue. Alioshe kwa maji safi mengi. Lakini kipande kilichochoma na kukwama kisivutwe na mtu yeyote wa nyumbani. Lifunikwe jicho kwa kikombe safi bila kuligandamiza, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Maziwa, utomvu na maji ya majani yasitiwe humo.

Maneno haya ni ya wachomaji matofali pia, na ya akina mama wafinyanzi wanaotoa vyungu motoni, na ya wafua chuma. Na wale walioajiri vijana wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Haitoshi kumwambia kijana, "Jihadhari," kisha kumwacha asimame mbele ya moto kwa macho matupu.

Namsifu kijana huyu kwa mambo mawili: ameona mali katika takataka, na ameuliza kabla ya kuumia. Tanuu likibomoka hujengwa tena kwa matofali yale yale. Siku atakapoitoa sahani yake ya kwanza, ni heri baba yake mdogo awe amekwisha kutibiwa, apate kuiona rangi yake kwa macho yake mwenyewe.