Mjomba asing'olewe kwanza: barua kwa watu wa Delta ya Rufiji

Bergen, Norwe

Kwa wakubwa wote wa Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, nanyi mliohamia Bungu na Kibiti mjini.

Ujumbe wa sauti uliowekwa kwenye kundi la ukoo nimeusikia. Mjomba anataka apelekwe Kibiti akang'olewe meno yote ya chini. Yanacheza na yamemchosha, kwa hiyo inachangishwa nauli pamoja na hela ya meno ya bandia. Mmeuliza huku Norwe kutatoka ngapi. Kutatoka, msiwe na wasiwasi. Ila naomba Mjomba asing'olewe kwanza. Sababu zangu nimeona niziandike waziwazi badala ya kumnong'oneza yeye peke yake, kwa maana katika kila nyumba ya Delta niliyopata kula wali kuna mtu mzima anayemenya kamba kwa vidole, akawagawia watoto, mwenyewe akabaki na mchuzi.

Mnasema ni uzee. Mjomba hajafika hata sitini, na meno yake mengi hayana tundu hata moja. Ugonjwa wake uko kwenye fizi, na chini ya fizi uko kwenye mfupa. Unaanza na utando laini wa vijidudu, ukoga, unaojikusanya pale jino linapoingia kwenye fizi. Usipoondolewa, madini ya mate yanaugandisha ukawa ugaga, na ugaga mswaki hauuwezi tena. Fizi zinavimba, zinatoa damu. Mtu akishtuka hapo anapona kabisa. Akiachia miaka, mwili wake katika kupigana na wale vijidudu unakula mfupa unaoshika jino. Minazi ya ukingoni mnaijua, pale Rufiji inapokula udongo: mnazi wenyewe mzima, unazaa, lakini kila masika mizizi inabaki wazi zaidi, mpaka siku moja umelala majini. Sijamsikia mtu akisema mnazi ule uling'oka kwa uzee.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba kwa muda mrefu hauumi. Sisi tumezoea kwenda kwa daktari wa meno kwa maumivu ya usiku, yale ya kupiga kichwa ukutani. Fizi hazifanyi hivyo. Zinatoa damu kidogo kwenye mswaki, mdomo unaanza kunuka, meno ya mbele yanaachana, nyama inanasa, kisha siku moja unaligusa jino kwa ulimi na linaitika. Kwa mvuta sigara hata ile damu huwa kidogo, maana tumbaku inabana mishipa ya fizi, basi anajiona mzima. Mjomba anavuta tangu enzi za kuvua kambamiti, na mnajua nani alikuwa anatumwa dukani.

Dawa zetu za nyumbani nazikumbuka zote. Fizi zikitoa damu tunaambiwa ni kiseyeye, kula ndimu. Kiseyeye cha kweli huja kwa kukosa vitamini C wiki kwa wiki, na sidhani kama kinampata mtu aliyezungukwa na miembe na michungwa. Kuna wanaosukutua maji ya chumvi. Yanatuliza, ila ugaga yanauacha palepale. Kuna wanaosugua kwa mkaa uliotwangwa na mchanga, hao wanalikwangua jino lenyewe. Na kuna Flagyl za duka la dawa, za kununua chache mkononi. Usaha unapungua, mtu anashukuru, wiki mbili tatu mambo yaleyale, maana kilichouleta bado kimeganda chini ya fizi.

Dawa yenyewe ni kusafishwa. Simaanishi kung'arishwa ili meno yawe meupe. Namaanisha kukwanguliwa ugaga juu na chini ya fizi, mpaka kwenye mzizi.

Nimepitia mwenyewe, ndiyo maana nasema. Huku kuna watu wanaosomea kazi ya kusafisha meno na kutibu fizi. Yule aliyenitibu alichukua kipimo chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiteremsha taratibu kati ya fizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, anataja namba na mwenzake anaandika: tatu, mbili, tatu, tano, sita, tano. Mpaka tatu ni salama. Kuanzia nne kwenda juu fizi imeachana na jino, umefunguka mfuko ambamo vijidudu wanakaa kwa raha zao. Kijinorwe changu cha namba nilikuwa nacho tayari, kwa hiyo nilizisikia zote, na aliposema saba kwenye jino la nyuma nikafumba macho. Nikapigwa sindano ya ganzi upande mmoja, akaanza kukwangua kwa vyuma vya mkono. Huumii, lakini unasikia ndani ya fuvu ugaga ukivunjika. Siku nyingine upande wa pili. Baada ya miezi mitatu akapima upya, na sita nyingi zikawa tatu.

Sitawaficha kinachofuata. Fizi zikishapona zinanywea, meno yanaonekana marefu, kati ya meno ya mbele panabaki nafasi. Maji baridi yalinichoma wiki kadhaa. Mfupa uliokwisha kwenda haurudi, na ugonjwa ukipewa nafasi unarudi, kwa hiyo kila baada ya miezi michache unakwenda kupimwa tena. Na Mjomba anaweza akapoteza mawili matatu pamoja na yote haya. Jino linalobonyea juu na chini halina tena kinachoweza kulishika. Lakini kati ya mawili matatu na safu nzima kuna tofauti kubwa mno kwa mtu aliyekuwa anapenda pweza.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye maisha ya mtu. Mwaka 2004 na 2005 watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen, mji huuhuu ninaoishi, walizunguka Dar es Salaam na Mkoa wetu wa Pwani wakiwahoji watu zaidi ya 1,000 wa miaka 50 na kuendelea. Hawakuishia kuhesabu meno. Waliuliza, kwa Kiswahili, kama kinywa kimemzuia mtu katika mambo manane: kula, kusema, kusafisha kinywa, kulala na kupumzika, kucheka bila kuona haya, kutulia moyo, kufanya kazi na kuchanganyika na watu. Zaidi ya nusu walikuwa na angalau jambo moja lililoharibika, wa vijijini kuliko wa mjini, na lililoongoza ni kula.

Mchukueni Mjomba mumpitishe kwenye manane hayo. Kula, tumeshasema. Kucheka, ameanza kuziba mdomo kwa kiganja, yeye ambaye utani wake ulikuwa unawatoa watu barazani wakishika mbavu. Kuchanganyika, siku hizi anakaa mwisho wa mkeka kwa kuogopa harufu ya kinywa chake. Kusema ndiko kunakoniuma zaidi. Tangu ang'olewe yale mawili ya juu mbele, kwenye maulidi anasikiliza tu, hasomi. Waliokaa chuoni wanaelewa kwa nini: herufi za Kiarabu thaa na dhaal hazitoki vizuri mpaka ncha ya ulimi iguse meno ya mbele ya juu. Hakuna aliyemkataza. Amejiondoa mwenyewe kimyakimya, na sisi tukasema amekuwa mtu mzima, ametulia.

Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kabla na baada ya kusafishwa zimeonyesha kwamba mambo haya yanapata nafuu ndani ya wiki chache, na upasuaji wa fizi unaofanyika baadaye hauongezi sana juu ya hapo. Kwa watu wa Delta hiyo ni habari njema kupita zote katika barua hii. Nafuu kubwa inaletwa na kazi ya vyuma vya mkono, ambavyo havihitaji umeme hata chembe. Miaka ya sabini na themanini Wanorwe walikuja kuupima mto wetu kwa ajili ya bwawa, na sasa bwawa limejengwa, lina megawati 2,115. Tukisubiri ziingie mikokoni ndipo tutibiwe fizi, tutakuwa vibogoyo wote.

Basi kwa nini tunang'oa? Wengi huku nje wanadhani ni ujinga. Mimi nadhani ni nauli. Mtu wa Kiongoroni anasubiri bamvua ili boti isikwame kwenye kijito, anafika Nyamisati, anachukua bodaboda au gari mpaka Bungu, kutoka Bungu Kibiti, akichelewa analala, na siku zote hizo hajavua. Matibabu ya fizi yanamtaka arudi mara ya pili, kisha ya tatu baada ya miezi mitatu. Kung'oa kunamalizika safari moja. Mtu anapiga hesabu yake vizuri kabisa, anachagua kinachoingia mfukoni mwake. Tabibu naye anaona foleni ya watu waliotoka mbali wanaotaka jino litoke leo, anang'oa. Wote wawili wana akili zao timamu, na bado mwisho wake watu wanabaki mapengo.

Msidhani huku ni peponi. Norwe mtu mzima kwa kawaida hujilipia meno mwenyewe, na bei inatisha. Wanorwe wenyewe wanapanda ndege kwenda kutengeneza meno Poland na Hungaria. Ila serikali yao inarudisha sehemu ya gharama kwa mgonjwa wa fizi, kitu isichofanya kwa watu wazima wengi wenye tundu la kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo katika ripoti yake ya 2022 limekadiria kwamba watu wapatao bilioni 1 wana ugonjwa mkali wa fizi. Kwa hiyo Mjomba asione aibu, yuko na wenzake wengi.

Na kwa wenye sukari, Mama Mdogo ukiwa wa kwanza, sikilizeni hili kwa makini. Sukari inazidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zilizooza zinafanya sukari isishuke. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba fizi zikitibiwa vizuri, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinashuka kwa takriban nukta 4 ya asilimia. Si kidogo kwa mtu anayehangaikia vidonge. Siku ya kliniki ya sukari, mwambieni nesi fizi zinatoa damu hata kama hajauliza.

Sasa langu. Hela niliyotaka kutoa kwa ajili ya meno ya bandia naigeuza iwe nauli na malazi ya Mjomba, safari zote, si moja. (Meno ya bandia na mashua mimi siyaamini. Mvuvi akipiga chafya tu, yamezama.) Akifika aseme hivi: "Naomba nisafishwe fizi kwanza, yale yasiyookoka ndiyo yatoke." Mgonjwa akiomba jambo kwa jina lake husikilizwa tofauti.

La pili ni la wote. Manesi wa chanjo wanawafikia kwa boti kwa huduma ya mkoba, tangu sisi wadogo. Vyuma vya kukwangulia vinaingia kwenye mkoba uleule, vinatakaswa kwenye sufuria ya mvuke inayokaa juu ya jiko. Anayetakiwa ni tabibu wa meno kupanda boti ileile, kila baada ya miezi mitatu, bamvua iliyokubaliwa, watu wakajua siku. Tangu 2017 fedha za vituo vya afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati ya kituo inakaa kupanga matumizi. Mnao ndugu kwenye kamati hizo. Hoja ipelekwe kikaoni, na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa barua yenye muhuri wa kijiji. Sisi wa nje tuko tayari kununua vyuma seti mbili na hiyo sufuria, lakini hatutanunua kabla hatujaambiwa ni tabibu gani atavishika, maana vifaa vya hisani vinavyolala kabatini tumeshaviona vya kutosha.

Wakati mnasubiri, fizi inayotoa damu isikwepwe, hiyo ndiyo isuguliwe zaidi, kwa mswaki laini, taratibu, pale fizi inapokutana na jino. Ikiwa ugonjwa bado mchanga, damu itapungua ndani ya wiki mbili. Mswaki wa mti unafaa, na Mtume alituhimiza; utafuneni ncha mpaka ulainike na msiishie meno ya mbele. Muhimu zaidi ni usiku kabla ya kulala. Mjomba apunguze sigara, na asitume mtoto dukani.

Nijulisheni bamvua ijayo inaangukia tarehe ngapi, na nani atamsindikiza. Hela nitamtumia huyo msindikizaji kwenye simu, si Mjomba, kwa sababu ninamfahamu.

Ni mimi mpwa wenu,
Bergen