Laptopu Ikifa na Fedha Haitoshi



Mwezi huu katika safu yetu ya uchumi wa nyumbani napenda tuzungumze juu ya chombo ambacho mama zetu hawakukijua, lakini sasa kimeingia katika nyumba nyingi kama cherehani ilivyoingia zamani. Nacho ni kompyuta mpakato, ambayo wengi wetu twaiita laptopu. Sizungumzii kununua ya kwanza. Nazungumzia siku ile iliyopo inapokufa ghafla, kazi zinangoja, na fedha iliyomo nyumbani ni kidogo.

Nitawaeleza yaliyonipata mwenyewe. Hapa kwetu Karatu mwezi wa Agosti ni mwezi wa vumbi jekundu. Ni mwezi wa wageni pia, na magari hupita tangu alfajiri kwenda lango la Lodoare na kushuka kreta ya Ngorongoro. Baba watoto ni dereva wa watalii, kwa hiyo siku hizo haonekani sana nyumbani. Mimi hupeleka mboga na mayai katika hoteli na kambi za wageni, ambazo hazilipi mpaka nipeleke ankara iliyochapwa. Tena mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mambo hayo yote yalikuwa ndani ya laptopu moja, pamoja na ripoti ya binti yetu aliye mwaka wa mwisho chuoni, ambayo ilitakiwa baada ya wiki tatu.

Jioni moja ilizimika, isiwake tena.

Je, imekufa kweli?

Asubuhi niliipeleka kwa kijana mmoja fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie ukweli, itapona?"

Aliifungua mbele yangu. Ndani ya feni vumbi jekundu lilikuwa limeshikamana kama pamba. Akaniambia, "Mama, hii ilikuwa inapumua kwa shida siku nyingi. Joto limeunguza bodi yake kubwa. Naweza kujaribu, lakini gharama itafika karibu nusu ya bei ya kununua nyingine, na sikuahidi kwamba itadumu."

Nilikaa kimya, maana nilifikiri hesabu za kikundi zimepotea. Lakini kijana yule alichomoa diski, akaitia katika kasha dogo lenye waya, akaiunganisha na kompyuta yake. Vyote vilikuwapo: ankara, daftari la kikundi na ripoti ya binti.

Hapo nilijifunza mambo mawili. Kwanza, laptopu inaweza kufa na diski yake ikabaki hai. Usimuuzie mtu laptopu mbovu ikiwa na diski yako ndani, maana utakuwa umempa siri za nyumba yako. Pili, si kila laptopu mbaya imekufa. Kama yako inawaka lakini inakwenda polepole mno, pengine inahitaji tu kuondolewa diski ya zamani inayozunguka na kuwekewa ile ya kisasa iitwayo SSD, pamoja na kuongezwa memori. Muulize fundi kwanza. Mama mwingine anaweza kuokoa fedha nyingi kwa swali hilo moja.

Fedha itoke wapi

Jioni tulikaa na baba watoto tukahesabu. Zamu yangu ya mchezo ilikuwa imenipa shilingi 350,000. Yeye alikuwa na 250,000 za bahashishi alizopewa na wageni. Jumla ni 600,000. Ada ya shule ya mdogo wao ilikuwapo katika bahasha yake, tukakubaliana kwamba haiguswi.

Jirani alinishauri nikope kwa wale wanaotoa mkopo siku hiyo hiyo. Ndugu zangu, mikopo ile watu hawakuiita kausha damu bure. Chombo ulichokinunua ili kikuletee riziki kisiwe sababu ya kuuza kitanda. Weka kiwango chako kabla ya kwenda dukani, na ukiandike kwenye karatasi. Mwenye duka ana maneno matamu, lakini karatasi haibembelezwi.

Kipya kinyemi

Majaribu yalikuja mawili. La kwanza lilikuwa laptopu ndogo, mpya, iliyo ndani ya boksi lake, kwa shilingi 380,000. Binti yangu aliipenda. Hata mimi niliipenda, maana ilikuwa inang'aa. Lakini kijana fundi alitusomea maandishi ya kwenye boksi: memori GB 4 na hifadhi GB 64. Hicho ndicho kima cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Maana yake ni kwamba mfumo wenyewe utajaza sehemu kubwa ya hifadhi, na kila yakija marekebisho mapya utahangaika kufuta vitu vyako ili yapate nafasi. Tena katika nyingi za aina hiyo hifadhi imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuibadilisha. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda chenyewe tungekiona baada ya miezi michache.

Jaribu la pili lilitujia kituo cha mabasi. Kijana mmoja alikuwa na laptopu nzuri sana kwenye mfuko, akaitaka 300,000 tu. Haikuwa na chaja wala risiti, na ilipowashwa ilidai neno la siri ambalo hakulijua. Baba watoto alinivuta mkono. Akaniambia, "Mama, mimi nimewaona wageni wakilia kwa kuibiwa mzigo. Ndani ya kitu hiki kuna picha za watoto wa mtu." Tukaondoka. Kununua mali ya wizi ni kosa la jinai, na hata kama polisi hawatakuja, sikutaka binti yangu amalizie masomo yake juu ya kilio cha mama mwingine.

Tulichoamua

Fundi alituelekeza kwenye laptopu zilizotumika maofisini. Kampuni na ofisi nyingi za nje hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, hata kama ni nzima, na nyingi husafishwa na kuuzwa tena. Zilitengenezwa kwa watu wanaofanya kazi kutwa, kwa hiyo bawaba zake ni imara, kibodi ni nzuri, na vipuri vyake hupatikana kwa mafundi wetu. Mifano ni HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480. Zote tatu zilitoka mwaka 2018.

Mtu atasema mwaka 2018 ni zamani. Lakini sikilizeni hesabu ya jikoni. Mashine ya 380,000 ikidumu miaka miwili imekugharimu 190,000 kwa mwaka. Ya 530,000 ikidumu miaka minne imekugharimu 132,500 kwa mwaka. Usitazame bei ya siku moja tu. Igawanye kwa miaka utakayoitumia.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Tulipanda gari la alfajiri kwenda Arusha, mimi na binti, tukiwa na orodha kwenye karatasi ya daftari. Nawapa orodha hiyo kama ilivyo.

1. Kizazi cha prosesa. Tazama namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. Kama ni i5-8350U, ile 8 ya kwanza ni kizazi cha nane. Kama ni i5-10210U, ni kizazi cha kumi. Chukua cha nane au zaidi. Windows 10 ilimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za chini ya kizazi cha nane hazikubaliwi na Windows 11. Tena i5 za laptopu za kawaida za kizazi cha saba zilikuwa na viini viwili vya kufanyia kazi, nazo za kizazi cha nane zina vinne.

2. Memori na diski. Memori isipungue GB 8. Diski iwe SSD, walau GB 256. Usikubali kuambiwa kwa mdomo. Mwuzaji akufungulie ukurasa wa Task Manager uone mwenyewe.

3. Betri. Fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ukurasa utakaotengenezwa. Utaona namba mbili: uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Kama ya pili imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwanza, omba kubadilishiwa betri au kupunguziwa bei.

4. Kufuli la mwenye mali wa zamani. Izime, iwashe tena na uombe kuingia kwenye mipangilio ya ndani. Kwa HP ni kitufe cha F10, kwa Dell F2, kwa ThinkPad F1. Ikidai neno la siri ambalo mwuzaji halijui, iache. Kisha iunganishe na intaneti papo hapo dukani. Likitokea jina la kampuni fulani likidai akaunti ya kazini, mashine hiyo bado imeandikishwa kwa mwenyewe.

5. Mwili wake. Bonyeza kila herufi, maana baadhi zinazotoka Ulaya zina herufi zilizopangwa kwa Kifaransa au Kijerumani. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa. Jaribu kamera, sauti na kila tundu. Iache iwake nusu saa, usikilize feni na kuigusa chini kama inachemka.

6. Chaja. Iwe na maandishi 100–240V. Chaja ya namna hiyo itafanya kazi kwa umeme wetu wa volti 230 hata kama mashine imetoka Marekani. Utabadilisha plagi tu.

7. Risiti. Dai risiti ya mashine ya EFD, na siku za dhamana ziandikwe pamoja na namba ya laptopu yenyewe. Dhamana ya mdomo huisha ukivuka mlango.

Kwa dada zangu walimu na wauguzi walioko ndani ya Ngorongoro, kama Endulen, wanaotegemea umeme wa jua, naongeza neno moja. Chagueni prosesa yenye herufi U mwishoni, kwa maana hutumia umeme kidogo, na laptopu inayochajiwa kwa tundu la USB-C. Zile tatu nilizozitaja zina tundu hilo.

Ilivyokuwa

Laptopu ya kwanza tuliyojaribu ilidai neno la siri. Ya pili betri yake ilikuwa imebaki chini ya nusu. Mwenye duka alianza kuchoka nasi, akasema, "Mama, wewe umekuja kununua au kufanya mtihani?" Nikamjibu, "Nimekuja kununua, mwanangu, ndiyo maana nafanya mtihani." Akacheka, akatuletea ya tatu. Ilikuwa na mkwaruzo juu ya kifuniko, lakini ndani ilifaulu kila kitu. Alitaka 580,000, tukapatana 530,000. Iliyobaki ilitosha nauli, flashi na mfuko wa kubebea.

Binti alimaliza ripoti yake siku mbili kabla ya tarehe. Hoteli zikapata ankara. Mkwaruzo upo mpaka leo, wala haujapunguza hesabu hata moja.

Kuitunza

Kilichoua ya kwanza ni uzembe wangu, siwezi kulisingizia vumbi peke yake. Nilikuwa naitumia juu ya blanketi, nikiziba matundu ya hewa, na kwa miaka mitatu sikuwahi kuipeleka kusafishwa feni. Sasa inakaa juu ya meza. Nikimaliza naizima na kuifunika kwa kitambaa, na kila mwaka vumbi likiisha fundi huifungua na kuipuliza. Radi ikianza kunguruma nachomoa chaja ukutani.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Kila Jumamosi nanakili hesabu za kikundi kwenye flashi, nayo flashi hukaa nyumbani kwa katibu wetu. Akiba za kina mama wenzangu zimo humo. Siku ile kwa fundi niliponea chupuchupu, na sidhani kwamba ningepata uso wa kuwatazama kama diski nayo ingeungua. Mama unayesoma hapa, kama kumbukumbu za watu ziko mikononi mwako na zina nakala moja tu, usingoje mwisho wa mwezi. Fanya hivyo leo kabla ya kupika chakula cha jioni.

Tuonane mwezi ujao.