PICHA NA MAHALI PAKE

Siku hizi mtu yeyote mwenye simu ya mkononi aweza kupiga picha ya mahali, akaiweka katika ramani ya dunia, na mtu aliye Muscat au London akaitazama papo hapo. Simu yenyewe, kwa msaada wa setilaiti, huandika mahali picha ilipopigwa. Hivyo kazi ya kuionyesha nchi, ambayo zamani ilikuwa ya wapima ramani na wapiga picha wachache, sasa imo mikononi mwa umma. Hilo ni jema. Lakini kazi iliyo ya wote yaweza kuharibiwa na yeyote.

Tuchukue mfano wa Njombe. Mji huu uko kusini mwa Ikweta kwa digrii 9 na theluthi moja hivi, na mashariki kwa digrii zipatazo 35. Mtu akiandika tarakimu hizo kwa mkono, akasahau neno “kusini”, maporomoko ya mto Ruhudji yatahamia Uhabeshi. Akizigeuza, yatatoswa katika bahari ya Atlantiki. Hata kosa la sehemu moja ya kumi ya digrii ni mwendo wa kilomita 11 hivi. Mgeni atakayeifuata picha hiyo ataachwa porini, na lawama itawaangukia wenyeji.

Tena, mahali pakiwa sahihi, bado yatakiwa maana. Mpita njia apigaye picha ya Makambako kutoka dirishani mwa basi hapati ila vumbi na mabango ya maduka. Hajui ya kuwa hapo njia ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Wala ya kuwa reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilifika hapo baada ya kuipanda milima kutoka Mlimba, sehemu iliyowatoa wajenzi jasho kuliko zote. Mfanyakazi wa reli anayajua hayo. Picha yake moja ya stesheni, yenye jina, tarehe na maelezo mafupi, yashinda mia za mpita njia.

Wako wasemao kwamba tukidai ubora tutawatisha wanyonge. Kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini kibaba kikijaa pumba hakuna atakayeshiba. Ubora tunaoudai haununuliwi kwa kamera ya thamani. Ni ukweli wa mahali, jina litumiwalo na wenyeji, na heshima ya kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumpiga picha.

Jambo la mwisho ni hifadhi. Panoramio, iliyoanzishwa Hispania mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka 2007, ilikusanya picha za namna hii kutoka pembe zote za dunia. Mwaka 2016 ikafungwa. Aliyeweka mali yake katika ghala la mwingine asisahau kwamba ufunguo si wake.

Basi, ndugu walimu, wachuma chai, madereva na wafanyakazi wa reli: pigeni picha za kwenu, ziandikeni sawasawa, na nakala zibaki shuleni na katika maktaba zetu. Tusipojieleza wenyewe, tutaelezwa na wapita njia.